Ardhi Inayongoja: Kutoka Hudson Yards hadi City Creek

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kazi yangu ni kuhesabu zege, nondo na saa za mafundi kabla msingi haujachimbwa. Ipo gharama moja ambayo haikai vizuri katika hesabu zetu, nayo ni gharama ya kungoja: kiwanja kilichosafishwa kisijengwe, jengo lililokamilika lisipate wapangaji, mkopo unaolipiwa riba huku milango ikiwa bado imefungwa. Mwishoni mwa Oktoba 2024 nilipita katika miji kadhaa ya Marekani kutazama miradi mikubwa ya maduka na ya kuendeleza katikati ya miji, na kila nilipofika niliuliza swali hilo moja: hapa nani alingoja, na kwa fedha za nani?

Jumamosi, New York

Hudson Yards ni eneo la ekari 28 magharibi mwa Manhattan, na mgeni anayetembea kati ya minara yake hatambui mara moja kwamba hakanyagi ardhi. Chini ya bustani na mikahawa ipo yadi ya reli ambamo treni za Long Island Rail Road huegeshwa mchana zikisubiri abiria wa jioni, na treni hizo ziliendelea kuingia na kutoka muda wote wa ujenzi, kwa kuwa mamlaka ya usafiri ilikodisha nafasi iliyo juu ya reli kwa miaka 99 bila kuachia yadi yenyewe. Jukwaa la upande wa mashariki linabebwa na nguzo takriban 300 zilizochimbiwa hadi mwambani, kati ya njia moja ya reli na nyingine. Udongo wa miti nao umetandikwa mabomba ya kimiminika baridi, kwa sababu joto linalopanda kutoka yadini lingeiunguza mizizi. Nilisimama muda mrefu nikiitazama miti ile ya kawaida tu, nikijaribu kukisia gharama ya kuumwagilia na kuupoza kila mmoja wao.

Historia ya fedha ni ya kuvutia kuliko minara. Mwaka 2005 jiji lilikuwa na ndoto ya kujenga hapo uwanja wa michezo kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Mpango wa uwanja ukakataliwa, lakini mwaka huohuo matumizi ya ardhi ya sehemu kubwa ya eneo yakabadilishwa ili kuruhusu ofisi na makazi. Kisha jiji likafanya jambo ambalo miji mingi huliacha hadi mwisho: lilitanguliza usafiri. Njia ya treni ya chini ya ardhi nambari 7 iliongezwa hadi Barabara ya 34 kwa takriban dola bilioni 2.4, ikafunguliwa Septemba 2015, wakati sehemu kubwa ya eneo ilikuwa bado mashimo na kreni. Fedha zilipatikana kwa hatifungani za karibu dola bilioni 3, zilizotarajiwa kulipwa na kodi za majengo yatakayokuja. Majengo yalichelewa, na kwa miaka kadhaa hazina ya jiji ndiyo iliyojazia riba. Mwendelezaji wa kwanza aliyeshinda zabuni, Tishman Speyer, alijitoa mwaka 2008. Kampuni ya Related ikachukua nafasi yake, baadaye ikaungana na Oxford Properties ya Kanada. Ujenzi ulianza Desemba 2012 na sehemu ya kwanza ikafunguliwa Machi 2019. Aliyengoja, basi, alikuwa jiji, na liliweza kwa sababu New York ina kodi za kutosha kulipia subira yake. Related nao walikusanya zaidi ya dola bilioni moja kutoka kwa wawekezaji wa kigeni, wengi wao Wachina, waliotafuta ukaazi wa Marekani kupitia mpango wa viza za uwekezaji. Ni fedha yenye riba ndogo, kwa kuwa mwenye fedha hatafuti faida hasa, anatafuta makaratasi ya familia yake.

Jumba la maduka lenyewe ndilo lililonishangaza kwa udhaifu wake. Lilijengwa likiegemea duka kubwa la Neiman Marcus, la kwanza la kampuni hiyo katika Manhattan, ambalo lilifunguliwa pamoja na mradi na kufungwa mwaka uliofuata kampuni ilipofilisika wakati wa janga la UVIKO-19. Nafasi yake ikageuzwa ofisi, na mwaka 2023 benki ya Wells Fargo ikainunua. Mtu akipanda ngazi za umeme leo hawezi kukisia kwamba ghorofa za juu zilikusudiwa nguo za mitindo na vipodozi. Mradi haukutikisika, kwa sababu maduka hayakuwa mgongo wake. Mgongo ulikuwa ofisi za mabenki na mawakili.

Kati ya minara umesimama Vessel, ule mnara wa ngazi uliobuniwa na Thomas Heatherwick, wenye urefu wa mita 46 na vidato karibu 2,500. Ulifungwa mwaka 2021 baada ya vifo vya watu waliojiua hapo, na umefunguliwa tena wiki hii ukiwa na wavu wa chuma. Sikuupanda. Nilikwenda High Line, bustani iliyo juu ya njia ya zamani ya reli, nikatazama nusu ya magharibi ya yadi, ambako treni bado zimelala peupe bila jukwaa juu yake, takriban miaka kumi na tano tangu mpango wa nusu hiyo upitishwe.

Jumapili, East Rutherford

Basi la kutoka kituo cha Port Authority huvuka mto na kuingia katika mabwawa ya Meadowlands, jimboni New Jersey, na baada ya muda mfupi huliona jumba la American Dream likiwa limekaa peke yake kando ya uwanja wa MetLife. Reli ipo, lakini treni zake huja siku za matukio ya uwanjani tu. Nilichagua Jumapili makusudi. Kaunti ya Bergen bado inashika sheria za zamani zinazokataza kuuza nguo, samani na bidhaa nyingine nyingi siku hiyo, na nilitaka kuona jumba la futi za mraba milioni 3 likifanya nini maduka yake yanapozuiwa kuuza.

Jibu ni kwamba watoto hawajali. Bustani ya michezo ya Nickelodeon ilijaa, bwawa la maji lenye joto lilijaa, na katika ukumbi wa theluji watu walikuwa wakiteleza kwa mbao huku nje jua likiwaka. Katika korido za maduka, hata hivyo, nilipita milango iliyofungwa mmoja baada ya mwingine, na kwa mbali ilikuwa vigumu kutofautisha duka lililofungwa kwa ajili ya Jumapili na nafasi ambayo haijawahi kupata mpangaji.

Mradi huu ulitangazwa mwaka 2003 kwa jina la Xanadu, ukaanza kujengwa mwaka 2004 na kampuni ya Mills, ambayo baadaye ilikwama katika matatizo ya hesabu zake na kuuzwa. Kazi ilisimama mwaka 2009 baada ya msukosuko wa fedha na kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers, jengo likabaki kando ya barabara kuu na kuta zake za rangi za kupayuka, hata gavana wa jimbo akalikejeli hadharani kwa ubaya wake. Mwaka 2011 wakaingia Triple Five, kampuni ya familia ya Ghermezian, wamiliki wa Mall of America, jumba la maduka la Minnesota. Jumba likafunguliwa kwa sehemu tarehe 25 Oktoba 2019, likianza na burudani. Maduka yalipangiwa Machi 2020, mwezi ambao kila mtu anaukumbuka, yakafunguliwa Oktoba.

Hapa ndipo kungoja kunapouma. Nyuma ya jengo upo mkopo wa ujenzi wa dola bilioni 1.7 kutoka kwa mabenki, na juu yake hatifungani za karibu dola bilioni 1.1 zilizouzwa mwaka 2017 kupitia taasisi iliyoko Wisconsin, jimbo lisilohusika na mabwawa haya hata kidogo. Hatifungani hizo zilitegemea malipo yatakayokuja badala ya kodi ya majengo, pamoja na sehemu ya kodi ya mauzo. Mauzo yasipokuwepo, hakuna cha kulipa, na kweli mwaka 2022 awamu moja ya malipo ilikosekana. Familia ilikuwa imeweka rehani asilimia 49 ya Mall of America na ya jumba la West Edmonton la Kanada ili kupata mkopo huu. Janga lilipofunga milango, hisa hizo zikachukuliwa na wakopeshaji. Jengo lililokuwa likiingiza faida Minnesota likaliwa na jengo lililokuwa bado halijaanza kuuza New Jersey, na mfanyakazi wa Minnesota hakuulizwa.

Jumatatu, Southfield

Nilishuka uwanja wa ndege wa Detroit adhuhuri na kwenda moja kwa moja Southfield, kaskazini ya jiji, kuona mabaki ya kituo cha maduka cha Northland. Kituo hiki kilifunguliwa Machi 1954. Msanifu wake, Victor Gruen, alikuwa mkimbizi kutoka Vienna, na mwenye mradi alikuwa J. L. Hudson, duka kuu la Detroit, ambalo liliona wateja wake wakihamia pembezoni likaamua kuwafuata. Kilifungwa mwaka 2015, jiji la Southfield likakinunua, sehemu kubwa ikabomolewa, na sasa nyumba za kupanga zinajengwa, baadhi ndani ya jengo lenyewe la Hudson. Mabadiliko ya matumizi ya namna hii ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana: duka limejengwa kwa sakafu pana zisizo na madirisha, ilhali sheria za makazi hudai kila chumba cha kulala kipate mwanga, kwa hiyo mkandarasi hulazimika kutoboa paa na kukata sakafu ili jua lifike katikati.

Jumanne, Detroit

Duka lenyewe la Hudson, katika Barabara ya Woodward, lilifungwa Januari 1983. Lilikuwa na futi za mraba zaidi ya milioni 2, na tarehe 24 Oktoba 1998 liliangushwa kwa baruti mbele ya umati. Kilichofuata ni maegesho ya magari ya chini ya ardhi, na juu yake uwazi mtupu katika kiwanja chenye thamani kuliko vyote mjini. Jiji lilifilisika rasmi mwaka 2013 kiwanja kikiwa bado hivyo.

Tarehe 14 Desemba 2017 kampuni ya Bedrock, ya bilionea Dan Gilbert, ikaanza kuchimba. Mnara uliahidiwa kuwa mrefu kuliko wote Michigan. Katika safari ya miaka hiyo urefu ukapandishwa kisha ukashushwa, ukaishia mita 207 hivi, chini ya mnara wa kati wa Renaissance Center ulio kando ya mto. Aprili mwaka huu chuma cha mwisho kilipandishwa, na mwezi huohuo General Motors ikatangaza kwamba itahamia humo kutoka Renaissance Center, jumba ambalo Henry Ford II alilisukuma lijengwe katika miaka ya 1970 ili kuuokoa mji. Nililizunguka jengo jipya hadi nilipochoka. Kazi ya vioo ni nzuri mno, viungo vimenyooka, na jengo fupi la mbele limeachwa mwanya wa kupita watu kutoka barabara moja hadi nyingine, jambo ambalo waendelezaji wengi hulitaja kwenye michoro na kulifuta bajeti ikikaza. Maduka yatakuwepo ghorofa ya chini, kidogo tu. Mahali palipobeba duka kubwa kuliko yote jimboni, uuzaji wa bidhaa umebaki kuwa pambo la ofisi, hoteli na nyumba za watu wenye uwezo.

Na nani alingoja? Mwaka 2018 jimbo liliidhinisha nafuu ya kodi ya hadi dola milioni 618 kwa miradi minne ya Bedrock, huu ukiwemo, kwa utaratibu wa kumrudishia mwendelezaji sehemu ya kodi zitakazozalishwa na mradi wake. Mwaka 2022 baraza la jiji likaongeza msamaha wa kodi wa dola milioni 60 kwa Hudson peke yake, baada ya mabishano marefu ya wakazi waliouliza kwa nini bilionea apewe kile ambacho mwenye kibanda hapewi. Swali hilo ni la haki, ingawa mimi nina la kwangu la kiufundi: kama kiwanja kilikaa wazi kwa zaidi ya miaka 19 bila mtu mwingine yeyote kufaulu kukijenga, bei halisi ya kukijenga ilikuwa kubwa kuliko kodi za ofisi ambazo Detroit ingeweza kutoza. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Detroit ililiziba kwa kodi ya kesho.

Jioni nilikwenda kituo cha reli cha Michigan Central. Kilifunguliwa mwaka 1913, treni ya mwisho ikaondoka Januari 1988, na kwa miaka thelathini kikawa gofu ambalo wapiga picha walilipenda kupita kiasi. Kampuni ya Ford ilikinunua mwaka 2018 na kukifungua tena Juni 2024, mawe na vigae vya dari vikiwa vimerekebishwa kimoja kimoja. Hapa hapana mpangaji mkubwa wa maduka, hapana hatifungani zinazosubiri mauzo. Ipo kampuni ya magari iliyoamua kutumia faida yake polepole. Hesabu ya namna hii haiwezi kuigwa na mtu asiye na kiwanda.

Jumatano, njiani

Treni ya Wolverine, kutoka Detroit hadi Chicago, mchana kutwa. Sehemu ya njia hii inamilikiwa na jimbo la Michigan na treni hufikia kilomita 177 kwa saa. Sehemu nyingine ni ya makampuni ya mizigo na treni husimama tu. Nililala.

Alhamisi, Chicago

Ardhi iitwayo Block 37 ni mtaa mmoja mzima katikati ya Chicago, uliopewa nambari hiyo wakati mji ulipopimwa katika miaka ya 1830. Mwaka 1989 jiji, likishirikiana na waendelezaji, lilibomoa karibu kila kilichokuwa juu yake, isipokuwa kituo cha kupozea umeme, likitegemea minara miwili ya ofisi. Soko la ofisi likaanguka mara baada ya vifusi kuondolewa. Kwa takriban miaka 16 moyo wa mji ukawa uwanja mtupu; majira ya baridi watu waliteleza kwenye barafu hapo, majira ya joto vijana walifundishwa sanaa chini ya mahema, katika mpango ulioanza mwaka 1991 na kuitwa Gallery 37. Wapo wakazi wanaosema hiyo ndiyo ilikuwa miaka bora ya kiwanja, nami baada ya kulitembelea jumba la sasa nawaelewa.

Mwaka 2005 mradi ulikuwa mikononi mwa Mills, kampuni ileile iliyoanza Xanadu. Kampuni moja, miji miwili, na matatizo yaleyale ya hesabu yakaiondoa kote kuwili. Wakaja wengine, jumba likafunguliwa Novemba 2009, mwezi mbaya kuliko yote kumtafuta mpangaji, kisha benki ikalitwaa. Leo lina sinema, maduka ya wastani, na mnara wa nyumba za kupanga ulioongezwa mwaka 2016, ambao kwa maoni yangu ndio uliolipatia jumba wateja wa kudumu.

Kilichonivuta hapo hakionekani. Chini ya jumba, mamlaka ya usafiri ya Chicago ilitumia zaidi ya dola milioni 200 kuchimba kituo kikubwa cha treni za moja kwa moja kwenda viwanja vya ndege, kikaachwa mwaka 2008 kikiwa ganda la zege lisilo na reli. Mwaka 2018 meya Rahm Emanuel aliichagua kampuni ya Elon Musk ichimbe handaki kutoka ganda hilo hadi uwanja wa ndege wa O'Hare. Meya aliyefuata hakuuendeleza mpango, na ganda lipo hadi leo. Ukilinganisha na Hudson Yards, tofauti ni ya mpangilio: New York ilijenga reli kamili kisha ikasubiri majengo, Chicago ilijenga nusu ya kituo ili kiendane na ratiba ya jengo la mtu binafsi, jengo likamalizika, kituo kikabaki.

Ng'ambo ya barabara lipo duka la zamani la Marshall Field, lenye saa yake ya shaba kwenye pembe na dari ya vigae vya Tiffany ya mwaka 1907. Tangu Septemba 2006 linaitwa Macy's, jina la kampuni nyingine ya maduka, na wazee wa Chicago hawajasamehe. Field ilinunuliwa mwaka 1990 na Dayton-Hudson, kampuni iliyotokana na kuungana kwa Hudson wa Detroit na Dayton wa Minneapolis mwaka 1969. Majina matatu makubwa ya maduka ya eneo hili la Marekani yaliishia katika daftari moja, na daftari hilo leo linaitwa Target, duka la bei nafuu ambalo akina Dayton walilianzisha mwaka 1962 katika kitongoji cha Roseville. Mtu akitaka kujua kwa nini majengo ya katikati ya miji yalikosa wenyewe, jibu sehemu yake ni hili: wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye maegesho.

Ijumaa, njiani

Treni ya Borealis ilianzishwa Mei mwaka huu kati ya Chicago na St. Paul, na baada ya La Crosse hufuata mto Mississippi. Sina la kuandika kuhusu majengo leo, isipokuwa kwamba vituo vya katikati ya miji midogo vimekarabatiwa vizuri kuliko maduka yanayovizunguka.

Jumamosi, Edina, Bloomington na Minneapolis

Asubuhi Southdale. Akina Dayton walimwita Gruen baada ya Northland, na kwa kuwa majira ya baridi ya Minnesota hayatembeleki, akawafunikia kila kitu: tarehe 8 Oktoba 1956 likafunguliwa jumba la kwanza Marekani lililofungwa pande zote na kudhibitiwa hewa, lenye ua wa kati wenye miti na ndege. Gruen aliuchora mradi pamoja na nyumba, shule na bustani. Kilichojengwa kilikuwa maduka na maegesho, na mwishoni mwa maisha yake aliikana hadharani kazi iliyotokana na wazo lake. Hivi sasa maghorofa ya kupanga yamejengwa pembezoni mwa maegesho ya Southdale, na pale palipokuwa duka la J. C. Penney kuna klabu kubwa ya mazoezi. Mchoro wa Gruen unakamilishwa, basi, na watu ambao huenda hawajauona, kwa sababu tu kodi ya nyumba hulipa kuliko lami.

Mall of America, Bloomington, ni jengo la kizazi kingine. Lilifunguliwa Agosti 1992 juu ya kiwanja cha uwanja wa besiboli uliobomolewa, na ndani ya bustani yake ya michezo bado kuna bamba sakafuni mahali pa kupigia mpira. Korido zake hazina mfumo mkuu wa kupasha joto. Mwanga wa paa, taa na miili ya wateja hutosha hata theluji ikiwa nje, hesabu ambayo mhandisi wake anastahili pongezi. Jumba lilijaa. Nguo hazitozwi kodi ya mauzo Minnesota, treni ndogo za mjini hufika hapo tangu mwaka 2004, na mtu hawezi kuona popote alama ya hisa zilizopotea kwa sababu ya mabwawa ya New Jersey.

Alasiri nilikwenda Karmel, kusini mwa Minneapolis, jumba la maduka la Wasomali lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Nakiri lilinipendeza kuliko yote ya safari. Vyumba ni vidogo, korido nyembamba, vitambaa vimetundikwa hadi dari, sambusa zinakaangwa, ofisi za kutuma fedha zimebanana na mafundi cherehani, na msikiti upo ghorofani. Mama mmoja muuza madira alinisikia nikizungumza kwenye simu akaniita, "Kaka, umetoka pwani?" Alikulia Eastleigh, Nairobi, kabla ya kuhamia huku, na Kiswahili chake hakikuwa kimechakaa hata kidogo. Nilimuuliza jinsi alivyopata chumba. Akasema alianza kwa kuweka meza ndani ya duka la binamu yake, kisha akachukua chumba kidogo, kisha hiki. "Mwenye jengo anataka kodi ya mwezi," akasema, "hataki karatasi nyingi."

Anayeijua Eastleigh atalikumbuka Garissa Lodge, nyumba ya wageni ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyumba vyake viligeuzwa maduka, na biashara ya mtaa mzima ikakua kutoka hapo. Karmel ni utaratibu uleule. Mpangaji mkubwa hayupo, kwa hiyo hakuna anayeweza kuondoka na kuliua jumba. Ukuaji hufuata mahitaji, chumba baada ya chumba, na muda wa kungoja ni wa kiasi ambacho mama mmoja na binamu yake wanaweza kuubeba. Wataalamu watasema haliwezi kulinganishwa na Hudson Yards, nami nakubali kwa upande wa ukubwa. Kwa upande wa nafasi zisizo na watu, Karmel lingeshinda.

Jumapili, Minneapolis

Kabla ya ndege nilipita Barabara ya Nicollet kuliona duka la zamani la Dayton, lililofungwa mwaka 2017 likiwa na jina la Macy's na kugeuzwa ofisi na ukumbi wa chakula. Limekarabatiwa kwa heshima, marumaru na lifti zimetunzwa. Watu hawakuwepo, ila ilikuwa Jumapili na mji wa ofisi hulala siku hiyo.

Jumatatu, Salt Lake City

City Creek Center ndilo lililonileta hadi huku milimani. Liko mkabala na hekalu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kanisa hilo ndilo mwenye ardhi na mwenye fedha. Yalikuwepo majumba mawili ya maduka hapo tangu mwaka 1975 na 1980, yote yakizeeka. Kanisa, likihofia mji kuoza miguuni pa hekalu lake, lilinunua la pili, likayabomoa yote, na kujenga upya zaidi ya ekari 20 za maduka, ofisi, nyumba na maegesho ya chini. Sura ya chuma cha kalibu ya ZCMI, duka la ushirika lililoanzishwa na waumini wa kanisa hilo, wanaoitwa Wamormoni, mwaka 1868, iliachwa ikitazama Barabara Kuu.

Kilichofanya mradi huu uwe wa pekee ni kwamba ulijengwa bila deni. Vifusi vilikuwa vikiondolewa mwaka 2007, na mwaka uliofuata, wakati Xanadu inaelekea kusimama na waendelezaji wa nchi nzima wakikimbiwa na mabenki, kreni za Salt Lake City ziliendelea kuzunguka kama kwamba hakuna habari. Mafundi walipatikana kwa wingi, kwa kuwa kwingineko kazi zilikuwa zimekauka. Kampuni ya Taubman, inayoendesha maduka, ililipa mchango wake wa dola milioni 75 hivi baada ya jumba kufunguliwa tu, tarehe 22 Machi 2012. Viongozi wa kanisa walisema zaka za waumini hazikutumika, na kwamba fedha zilitoka katika biashara zake. Kauli hiyo ilipelekwa mahakamani na muumini wa zamani mwaka 2021, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaitupa kesi hiyo.

Kama kazi ya ujenzi, sikuona kasoro ya maana. Paa la kioo hufunguka kukiwa na jua, kijito chenye samaki kinapita kati ya maduka, daraja la kioo linavuka barabara bila kuuziba mwonekano wa milima. Jumapili maduka yote hufungwa, hapa kwa amri ya mwenye nyumba, na mpangaji anayesaini mkataba anajua amepunguziwa siku moja ya mauzo kila wiki. Benki isingekubali kifungu hicho. Asiyedaiwa anaweza kukiweka.

Baada ya chakula nilipanda TRAX, treni ndogo ya mjini, ambayo haitozi nauli katikati ya mji, hadi Gateway, jumba la wazi lililofunguliwa Novemba 2001 kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi. Lilijengwa na mwendelezaji wa kawaida, likachota wateja kutoka yale majumba mawili ya zamani, na kwa miaka kumi likawa mahali pa kutembelea. City Creek lilipofunguliwa, wapangaji wakahama mmoja mmoja, duka la Apple likiwa miongoni mwao. Mwaka 2016 liliuzwa kwa kampuni ya Vestar, ambayo sasa inalijaza kumbi za vichekesho, michezo na ofisi. Chemchemi ya Olimpiki bado inarusha maji, na watoto wachache walikuwa wakiichezea. Nilihesabu milango ya upande mmoja wa barabara ya ndani, iliyofunguliwa na iliyozibwa kwa picha za rangi, kisha nikamuuliza mlinzi ni ipi itafunguliwa karibuni. Akanionyesha mmoja, ukumbi wa michezo ya kompyuta, akasema yale mengine yanasubiri mtu.